Umeitwa kwenye usaili na huna nauli: mwongozo kamili wa kupata msaada wa fedha

Matangazo ya kuitwa kwenye usaili wa Utumishi, yaani Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, huwa na masharti mengi, lakini liko moja ambalo mtu asiye na kazi hulisoma mara mbili: "Kila msailiwa atajigharamia kwa chakula, usafiri na malazi." Mwenye mshahara hulipita bila kulitazama. Kwa kijana aliyemaliza chuo miaka mitatu iliyopita na bado anakaa kwa dada yake Uyole, Mbeya, sharti hilo ndilo mtihani wa kwanza, na wengi huangukia hapo kabla hawajaliona jopo.

Nimelipitia hilo. Nimeitwa kwenye usaili mara tano nikiwa sina kazi, na mara moja sikwenda kabisa. Jina lilitoka Jumatatu, usaili ulikuwa Ijumaa, nikaanza kutafuta nauli Jumatano. Hadi leo naumia nikikumbuka ile Ijumaa asubuhi, niko nyumbani nafua, na najua chumba kiko wapi ambacho jina langu linaitwa na hakuna anayeitika. Tangu hapo nimeweka utaratibu wangu, nimewapa wadogo zangu wawili na rafiki zangu, na sasa nauandika hapa wote.

Jambo la kushika tangu mwanzo ni kwamba Tanzania hakuna dirisha la serikali unalokwenda na barua ya usaili ukapewa nauli. Usipoteze siku kulitafuta. Msaada upo, ila umetawanyika vipande vipande: kidogo kwenye haki zako za zamani, kidogo kwa mwajiri anayekuita, kidogo kwa ndugu, kidogo kwa wenzako mnaotafuta kazi pamoja. Anayefika kwenye usaili ni yule anayejua vipande hivyo viko wapi na anavikusanya kwa mpangilio.

Hatua ya kwanza: punguza gharama kabla hujaitwa

Shilingi uliyoizuia isitumike haihitaji kuombwa. Kuna mambo matatu ya kufanya leo, hata kama hakuna tangazo lenye jina lako.

La kwanza ni akaunti yako ya Ajira Portal, ile tovuti ya kuombea kazi za serikali. Siku hizi Sekretarieti ya Ajira hufanya usaili mwingi wa mchujo mikoani, na kituo chako hupangwa kwa kuangalia mkoa ulioujaza kwamba ndiko unakoishi sasa. Watu wengi walijaza walipokuwa chuoni, wakahama, wakasahau. Rafiki yangu alikuwa amerudi kwao Sumbawanga, lakini akaunti ilikuwa bado inasema Dar es Salaam. Alipangiwa Dar, akasafiri siku nzima kufanya mtihani wa saa moja ambao wenzake waliufanya Sumbawanga mjini kwa nauli ya bodaboda. Ingia kwenye akaunti, angalia mkoa na wilaya, rekebisha. Kazi ya dakika kumi inaweza kukuokolea laki moja.

La pili ni vyeti. Matangazo yanasema wazi kwamba vinatakiwa vyeti halisi, kuanzia cha kuzaliwa, kidato cha nne, cha sita na vya chuo, na kwamba hati za matokeo na vyeti vya muda havitakubaliwa. Nimeshuhudia kijana akizuiwa mlangoni saa moja asubuhi, mkononi ana karatasi ya matokeo ya kidato cha nne iliyokunjwa mara nne mpaka mikunjo imeanza kuchanika. Cheti chake kilikuwa shuleni alikosoma, hajawahi kwenda kukichukua. Alituambia mama yake aliuza magunia mawili ya mahindi kumpatia nauli. Magunia mawili yakaishia getini. Ikiwa cheti chako bado kiko shule au chuo, kifuate sasa hivi, maana safari hiyo ni rahisi kuliko safari ya usaili iliyopotea.

La tatu ni majina. Kama cheti cha kuzaliwa kinasema Joseph na cha kidato cha nne kinasema Yusufu, utatakiwa hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, ile watu wanayoiita dipoli. Kiapo cha mahakamani peke yake mara nyingi hakitoshi. Hapa ndipo msaada wa kwanza wa kweli unapopatikana: badala ya kukimbilia wakili na kulipa bei utakayotajiwa, nenda kwa wasaidizi wa kisheria. Wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, wapo kwenye halmashauri nyingi, na huduma yao kwa asiye na uwezo ni bure. Ulizia ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya au ofisi ya mtendaji wa kata. Ada ya usajili inaweza kubaki juu yako, lakini gharama ya kuandikiwa na kuelekezwa unaweza kuiepuka.

Hatua ya pili: andika hesabu, usiibebe kichwani

Jina likitoka, usimpigie mtu yeyote simu kabla hujaandika hesabu. Anayeomba "msaada wowote ule" hupewa chochote kile, yaani elfu tano na pole. Anayeomba kwa hesabu hujibiwa kwa hesabu.

Hii hapa ni hesabu ya mdogo wangu alipoitwa Dodoma akitokea Mbeya, kama alivyoiandika kwenye daftari. Nauli kwenda na kurudi, 76,000. Gesti usiku mbili, 30,000. Chakula siku tatu, 21,000. Daladala na bodaboda za mjini, 8,000. Nakala za vyeti na mihuri, 10,000. Akiba ya dharura, 15,000. Jumla 160,000.

Tukaipitia mstari kwa mstari. Gesti: kuna binti wa shangazi yetu anasoma Chuo Kikuu cha Dodoma na amepanga chumba na mwenzake, akakubali kumpokea. Tukaondoa 30,000, tukaweka 6,000 za sukari na sabuni, kwa sababu mkono mtupu haulambwi na mwanafunzi naye ana njaa zake. Chakula: akipika na wenyeji, 9,000 zinatosha. Jumla ikashuka hadi 124,000. Mfukoni alikuwa na 34,000 za kufundisha watoto twisheni. Kilichobaki cha kutafuta kilikuwa 90,000 kamili. Ukiwa na namba kama hiyo unalala usingizi, kwa sababu 90,000 ni watu watatu wa 30,000, wala si mlima.

Akiba ya dharura usiifute hata ukibanwa vipi. Basi huharibika njiani, usaili husogezwa mbele siku moja, simu hupotea.

Kumbuka pia kwamba usaili wa Utumishi huwa na hatua. Kuna mchujo, ambao ni mtihani wa kuandika. Kada nyingine zina usaili wa vitendo. Mwisho kuna mahojiano ya ana kwa ana. Aliyefaulu mchujo anaweza kuitwa kwenye mahojiano siku chache baadaye, na mara nyingi huko ni mkoa mwingine. Watu humaliza pesa yote kwenye mchujo, wanafaulu, halafu wanakwama kwenye mahojiano wakiwa wamebakiza hatua moja. Kwa hiyo gawa wachangiaji wako mafungu mawili tangu mwanzo. Baadhi uwaombe kwa ajili ya mchujo, na wengine, hasa wenye uwezo zaidi, uwahifadhi kwa ajili ya mahojiano. Mtu huchangia kwa moyo zaidi akisikia "nimefaulu mchujo, tulikuwa wengi tumebaki wachache".

Hatua ya tatu: kama uliwahi kuajiriwa, anzia kwenye mfuko wako

Watu wengi walioachishwa kazi hawajui kwamba kuna fao la kukosa ajira. Kama ulikuwa mwanachama wa NSSF (Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii), umechangia angalau miezi 18, na kazi imeisha bila wewe kuiacha kwa hiari (kampuni imepunguza watu, mkataba umeisha, kiwanda kimefungwa), unaweza kudai asilimia 33.3 ya mshahara wako kwa kila mwezi, hadi miezi sita. Ukiwa umechangia chini ya miezi 18, kuna malipo ya mkupuo ambayo ni nusu ya michango yako. Waliokuwa kwenye utumishi wa umma waulizie PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma.

Nenda ofisi ya mkoa au wilaya ukiwa na barua ya kuachishwa kazi, kitambulisho cha NIDA, namba ya uanachama na taarifa za akaunti ya benki. Barua ndiyo inayowakwamisha wengi. Mwajiri anakuambia kwa mdomo "usije kesho", hakuandikii chochote, na baada ya miezi mitatu huna cha kuonyesha. Idai siku ileile. Akikataa, ofisi ya kazi ya mkoa na Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, wapo kwa ajili hiyo, lakini CMA usichelewe: mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa ndani ya siku 30.

Fao hili halitolewi kwa jina la nauli ya usaili, lakini ni pesa yako ya kipindi unachotafuta kazi. Sioni sababu ya mtu mwenye haki hiyo kuanza kwa kumwomba mjomba.

Hatua ya nne: mwajiri anayekuita

Kwenye Utumishi jibu limeshaandikwa kwenye tangazo. Kwenye sekta binafsi na mashirika yasiyo ya kiserikali mambo ni tofauti, na hapa Watanzania tunajipunja kwa aibu. Mashirika kadhaa hurejesha nauli ya msailiwa anayetoka mkoa mwingine, lakini hulipa tu ukiuliza. Mengine hukubali kukufanyia mahojiano kwa njia ya mtandao kwa hatua ya kwanza, na hapo gharama yako inabaki bando la intaneti na shati lililopigwa pasi.

Uliza mapema, siku uliyopokea mwaliko, kwa lugha fupi isiyo na kilio. Kama hivi:

"Habari za kazi. Nashukuru kwa kuniita kwenye usaili wa nafasi ya Afisa Mauzo tarehe 14. Nathibitisha kwamba nitashiriki. Kwa kuwa ninaishi Tabora, naomba kufahamu kama kampuni ina utaratibu wa kurejesha nauli kwa wasailiwa wanaotoka nje ya mkoa, au kama hatua ya kwanza inaweza kufanyika kwa simu ya video. Kwa vyovyote niko tayari kwa tarehe iliyopangwa."

Sentensi ya mwisho ndiyo inayokulinda. Inaonyesha kwamba unauliza utaratibu, huweki masharti. Nimeutuma ujumbe wa namna hii mara tatu. Mara moja nilirejeshewa nauli yote, mara moja nikafanyiwa mahojiano kwa simu, mara moja nikaambiwa hawana utaratibu huo. Hakuna aliyenifuta kwenye orodha kwa kuuliza. Wakikubali kurejesha, uliza wanataka nini kama uthibitisho, maana nyingi hutaka tiketi halisi. Chukua tiketi ya mtandao yenye jina lako, usikubali kupanda kwa kumlipa kondakta njiani.

Na geuza shilingi upande wa pili: mwajiri au wakala anayekutaka wewe utume pesa ya fomu, ya "kufungua faili", ya sare au ya vipimo kabla ya usaili, mkimbie. Sekretarieti ya Ajira haitozi mwombaji hata senti. Anayekupigia kwamba yeye ni wa Utumishi na jina lako "linaweza kusogezwa" kwa elfu themanini ni mwizi, na anakula hiyohiyo nauli uliyoichangisha kwa jasho.

Hatua ya tano: ndugu na watu wako

Hapa ndipo pesa nyingi hutoka, na hapa ndipo wengi huharibu. Kosa la kwanza ni kutupa ombi kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Kila mtu anasoma, kila mtu anadhani mwingine atatoa, unabaki na emoji za mikono iliyokunjwa. Kundi la ukoo linafaa kutoa taarifa ya shukrani baadaye. Kuomba ni kwa mtu mmoja mmoja.

Chagua watu watatu hadi watano. Kila mmoja mwombe kitu kinacholingana naye. Mjomba anayefanya kazi bandarini mwombe nauli ya kwenda. Dada wa duka la vipodozi mwombe nauli ya kurudi. Kaka uliyesoma naye anayefanya kazi stationery mwombe akupigie nakala bure. Shangazi anayekaa mji wa usaili mwombe pa kulala, usimwombe pesa. Ukimpa mtu kazi moja inayoeleweka, anaibeba kama yake. Mjomba aliyelipa nauli ya kwenda ndiye atakayekupigia saa kumi na moja alfajiri kuuliza kama umeshapanda basi.

Anza kwa simu, salamu na hali za nyumbani, ndipo ufuatishe ujumbe wenye ushahidi. Huu ndio ujumbe aliouandika mdogo wangu, neno kwa neno:

"Shikamoo mjomba. Kama nilivyokueleza kwenye simu, nimeitwa kwenye usaili Dodoma Jumamosi hii, nafasi ya Mhasibu Daraja la Pili. Nimekutumia tangazo, jina langu liko ukurasa wa 14. Gharama zote ni 124,000. Nina 34,000 yangu. Nakuomba mjomba unisaidie nauli ya kwenda, 38,000, au sehemu yake. Pa kulala nimeshapata kwa binti wa shangazi. Naondoka Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi. Nikirudi nitakuletea majibu, yawe mazuri au mabaya. Asante mjomba."

Angalia kilichomo: ushahidi, hesabu, mchango wake mwenyewe, kiasi kamili, upenyo wa kutoa sehemu, na siku ya mwisho. Mjomba alituma 40,000 jioni ileile. Baadaye alituambia kilichomgusa ni kuona kijana naye ana 34,000 zake mezani.

Kama ndugu hawana, na mara nyingi kweli hawana, panua duara. Jumuiya ndogondogo na vikundi vya wanakwaya huchangia safari za aina hii wakiambiwa na kiongozi wao; zungumza na mwenyekiti wa jumuiya faraghani, hoja aipeleke yeye kwa wanajumuiya. Msikitini, zaka ina mafungu yake, na fukara na maskini ndio wa kwanza kutajwa; mwone imamu au kamati. Mama yako akiwa kwenye VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa, kikundi huwa na mfuko wa jamii mbali na hisa, na vikundi vingi hukopesha kutoka humo bila riba au kwa riba ndogo. Atakayekopa ni mama, kwa hiyo kaeni chini mkubaliane nani atarejesha na lini, kwa maandishi. Usimwachie mzazi deni na kikundi kinachokutana kila Jumapili mbele ya macho ya mtaa mzima.

Na wale wa mikopo ya halmashauri, ile asilimia kumi ya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu: haina riba, lakini ni ya mradi, na hasa ya vikundi. Haitoi nauli ya usaili, na kuandika mradi wa kuku ili upate nauli ni kuwaingiza wenzako kwenye deni la uongo. Iombe kama kweli mna mradi.

Hatua ya sita: kikundi cha usaili

Hiki ndicho ninachokiamini kuliko vyote, na ningependa kila kijana anayetafuta kazi awe nacho.

Tulikuwa sita Mbeya, wote tumemaliza vyuo, wote tunaunga unga. Mmoja aliuza chipsi Mwanjelwa, mwingine alisimamia banda la kuonyesha mpira, mimi nilichapa ripoti za wanachuo. Tukakubaliana kila mmoja atoe 2,000 kila Jumapili. Hiyo ni 12,000 kwa wiki, na kwa wiki kumi ni 120,000. Tofauti na upatu wa kawaida, ambao mtu hupokea kwa zamu, sisi zamu yetu iliamuliwa na tangazo: anayeitwa ndiye anayepokea.

Tulikuwa na daftari moja la kaunta, jalada limefungwa kwa selotepu ya kahawia, linakaa kwa muuza chipsi chini ya kapu la mayai. Ukurasa wa kwanza uliandikwa kanuni, na kila moja ilizaliwa na ugomvi. Kanuni ya kwanza: mpokeaji aonyeshe tangazo lenyewe, wote walione jina. Ya pili: hakuna kupokea zaidi ya 80,000 kwa safari moja, ili asiitwe mtu kesho akakuta kapu tupu. Ya tatu ilitugharimu Jumapili mbili za mabishano, kuhusu kurejesha. Mwisho tukaamua kwamba aliyekosa kazi harudishi kitu, aendelee tu na 2,000 zake. Aliyepata kazi arudishe mara mbili ya alichochukua ndani ya miezi mitatu ya mshahara. Ya nne: aliyepata kazi haruhusiwi kutoka mpaka atimize mwaka.

Wa kwanza kuitwa alikuwa mhasibu wetu. Wa pili na wa tatu waliitwa wiki moja, kapu lina 70,000, wakagawana 35,000 kila mmoja, na iliyobaki wakajazia kwa ndugu. Mmoja alipata. Mshahara wake wa pili uliingia, akatuletea 70,000 mkononi, na siku hiyo tulikula chipsi za bure.

Watano hadi wanane wanatosha. Mkizidi hapo hamjuani. Mweka hazina awe mtu mwenye kituo cha kazi cha kudumu, hata kama ni genge, mradi hahami hovyo. Mkitaka kuondoa wasiwasi wa pesa kukaa kwa mtu mmoja, tumieni huduma za akiba za vikundi za simu kama M-Koba, ambazo pesa haitoki mpaka wateule zaidi ya mmoja waidhinishe. Daftari hata hivyo liwepo.

Mikopo ya simu: kwa tahadhari kubwa

Sitasema usikope kabisa, kwa sababu kuna usiku ambao basi linaondoka alfajiri na umepungukiwa 10,000. Huduma za mitandao ya simu na benki, kama Songesha au M-Pawa, zinafaa kuziba pengo dogo la siku chache pale unapojua kabisa pesa ya kulipa inatoka wapi. Soma tozo kabla ya kukubali.

Usikanyage kwa wale wa kausha damu, wanaokupa laki moja na kuchukua kadi ya benki, simu au vyeti vyako. Hasa vyeti! Kuna watu wamekwenda kwenye usaili na vyeti viko rehani kwa mkopeshaji. Programu za mikopo za kwenye simu nazo zichunguze: Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha kidijitali bila leseni. Nyingi husoma namba zote zilizo kwenye simu yako, na ukichelewa siku moja zinamtumia ujumbe kila unayemfahamu, pamoja na yule mjomba aliyekulipia nauli. Kabla ya kupakua, hakikisha mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu.

Hatua ya saba: safari yenyewe

Pesa ikishapatikana, kata tiketi siku hiyohiyo. Pesa ya nauli ikilala ndani ya nyumba yenye shida, kesho yake imeshanunua unga. Nauli elekezi za LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, zinajulikana. Ziulizie kabla ya kwenda stendi na ukatae kupandishiwa, hasa misimu ya sikukuu.

Walio Dar es Salaam wakiitwa Dodoma wana treni ya SGR, yaani reli ya kisasa, ambayo nauli yake ya kawaida ilipoanza Julai 2024 iliwekwa Sh 31,000. Nenda jioni ya siku ya kuamkia usaili na urudi jioni ya siku ya usaili, utalipa usiku mmoja tu. Usijaribu kutoka alfajiri ya siku yenyewe: usaili mwingi huanza saa moja asubuhi.

Usaili mwingi wa Dodoma hufanyika Chuo Kikuu cha Dodoma, na chuo kiko mbali na katikati ya mji. Aliyelala karibu na stendi atalipa bodaboda ya alfajiri ambayo hakuipigia hesabu. Tafuta pa kulala upande wa chuo, Makulu na maeneo ya jirani, na uulize wanafunzi wa mkoani kwenu waliopo pale. Mkiwa wawili mnataka kuchangia chumba cha gesti, pigeni simu kwanza, kwani nyingine hazipokei watu wawili wa jinsia moja chumba kimoja, na mtaligundua hilo saa nne usiku mkiwa na mabegi.

Nguo usinunue. Azima. Suruali nyeusi, shati jeupe na viatu vilivyong'arishwa vinapatikana kwa rafiki mliye saizi moja, na hata fundi wa mtaani hukubali kukodisha koti.

Hatua ya nane: ukirudi

Siku uliyorudi, kabla hujalala, tuma ujumbe kwa kila aliyechangia. "Nimefika salama mjomba, usaili nimefanya, matokeo tunasubiri." Matokeo yakitoka, tuma tena, hata kama umekosa. Watu hawachoki kuchangia usaili. Wanachochoka ni kusikia habari za usaili kwa majirani.

Ukibakiza pesa, mwambie aliyetoa nyingi kwamba imebaki kiasi fulani na uombe ruhusa kuihifadhi kwa safari ijayo. Waliofaulu mahojiano wakakosa nafasi huwekwa kwenye kanzidata ya Sekretarieti ya Ajira, na wanaweza kupangiwa kazi nafasi ikitokea bila kurudia usaili. Simu ya kupangiwa kazi huja bila kubisha hodi, na kituo cha kazi kinaweza kuwa wilaya ya mbali kama Nanyumbu au Kakonko. Mtumishi wa ajira mpya hudai nauli na posho ya kujikimu kwa mwajiri wake, lakini mara nyingi unafika kwanza, unalipwa baadaye. Kwa hiyo ile akiba ya 15,000 iongezee taratibu, na siku ukienda kuripoti, weka tiketi zote kwenye bahasha moja na vyeti.